Kumpokea Aliyerudi Nyumbani

Ndugu walimu wanafunzi, chuoni mnafundishwa namna ya kuandika azimio la kazi na andalio la somo, namna ya kutengeneza zana za kufundishia, na namna ya kuligawa darasa kubwa katika vikundi. Hayo yote ni ya lazima, nasi hatukusudii kuyapunguzia thamani. Lakini liko jambo moja ambalo sisi hatukufundishwa, au pengine tulifundishwa bila ya kusikiliza: namna ya kumpokea mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyelelewa miaka mingi ndani ya makao, kisha akarudishwa kijijini kwao na kuandikishwa shuleni kwetu.

Jambo hilo lilitufika tulipokuwa walimu wa shule ya msingi katika eneo la Mnyuzi, wilayani Korogwe. Mara ya kwanza tulishindwa. Mara ya pili tulifaulu kwa kiasi. Tunaiandika habari hii ili ninyi mnaojiandaa kwenda mashuleni mpate kujifunza kwa makosa yetu kabla hamjatenda yenu.

Mahali penyewe

Mnyuzi ni stesheni ya reli baina ya Muheza na Korogwe. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilipita hapa kabla ya kufika Korogwe mwaka 1902. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia inayoiunganisha Mnyuzi na Ruvu, na stesheni yetu ikawa njia panda ya kwenda Tanga, Moshi na Dar es Salaam. Upande wa kaskazini twaiona milima ya Usambara. Chini yake ni mashamba ya mkonge, mengine yangali hai na mengine yamegeuka vichaka.

Mkonge huo, ulioletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ndio uliowavuta vibarua kutoka mbali. Wenyeji wa huku ni Wabondei, Wazigua na Wasambaa, lakini katika makambi ya zamani ya mkonge utawakuta wajukuu wa watu waliotoka Songea, Njombe, Kigoma na ng'ambo ya mto Ruvuma. Wengi wao hawana ukoo wa karibu ila jirani zao. Tunalitaja hili kwa sababu lina uzito katika habari yetu. Mtu anapoambiwa arudi nyumbani, swali la kwanza ni hili: nyumbani kwa nani?

Maneno mawili yanayochanganywa

Kabla ya kuendelea, yafaa tuyatenganishe maneno mawili ambayo hata sisi walimu huyachanganya. Ugonjwa wa akili ni maradhi. Huweza kumpata mtu wa umri wowote, hutibiwa kwa dawa na kwa ushauri, na mara nyingi mgonjwa hupata nafuu. Ulemavu wa akili ni hali inayoanza tangu kuzaliwa au utotoni, ambayo hufanya ukuaji wa fahamu, wa lugha na wa stadi za maisha uwe wa polepole. Haitibiwi kwa dawa, kwa sababu si maradhi. Mtoto mwenye hali hiyo hujifunza, ila hujifunza kwa hatua fupi zaidi na kwa kurudiarudia zaidi. Huenda pia akawa na kifafa au usonji. Maneno kama taahira na punguani, ambayo zamani yaliandikwa hata vitabuni, tuyaache, kwani humfunga mtoto kabla hajafunguliwa mlango wa darasa.

Kuchanganya huku kumekuwako tangu zamani. Katika nchi nyingi watu wenye ulemavu wa akili waliwekwa chini ya paa moja na wagonjwa wa akili, kwa sababu palikosekana mahali pengine pa kuwaweka. Katika milima hii hii ya Usambara, wilayani Korogwe, iko Lutindi, iliyoanzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa, na ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 iligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika Mashariki. Dodoma nako hospitali ya Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927. Baada ya uhuru nchi yetu ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa waliopata nafuu, kama kile cha Hombolo karibu na Dodoma. Fikra yake ilikuwa na maana kubwa: mtu asitoke wodini moja kwa moja hadi nyumbani, bali apitie mahali ambapo atalima, atapika na kuishi na jirani.

Hata hivyo, nchi yetu haikujenga makao makubwa mengi kama yale ya Ulaya na Marekani. Makao ya Willowbrook katika jimbo la New York yalijengwa kwa ajili ya watu 4,000, lakini katika miaka ya 1960 yalikuwa na watu wapatao 6,000. Yalifungwa mwaka 1987, baada ya wazazi kwenda mahakamani na ulimwengu kuona picha za hali ya humo. Hapa kwetu, makao yaliyo mengi zaidi ni chumba cha nyuma cha nyumba ya kawaida. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha mpango wa kumpeleka kila mtoto shuleni, na mwaka 1977 watoto wengi wakaingia madarasani, lakini wengi wa watoto wenye ulemavu wa akili walibaki katika chumba hicho. Basi kwetu sisi kazi ni mbili: kumpokea mtoto atokaye makaoni, na kumpokea mtoto atokaye chumba cha nyuma. Tulipojifunza ile ya kwanza, tuligundua kwamba ya pili haina tofauti kubwa nayo.

Kuja kwake mara ya kwanza

Kijana tunayemzungumzia hatutamtaja kwa jina. Babu yake alikuja kukata mkonge kutoka Songea. Mama yake alifariki angali mdogo, na kwa kuwa alikuwa hasemi na tena alishikwa na kifafa mara kwa mara, alipelekwa makaoni akiwa na umri wa miaka 6 hivi. Makao hayo yalikuwa mbali na mkoa wetu. Alikaa huko miaka 8. Kisha waliomtunza wakaona, nao waliona sawa, kwamba mahali pa mtoto ni kwa watu wake. Siku moja gari likamleta na kumshusha kwa shangazi yake, ambaye ndiye ndugu pekee aliyesalia. Aliletwa na mfuko wa nguo, dawa za kifafa za mwezi mmoja, na barua fupi kwa mwalimu mkuu.

Kesho yake shangazi alimleta shuleni. Aliandikishwa bila ya swali, kwani kila mtoto ana haki ya kusoma. Tulimweka Darasa la Pili, katikati ya watoto wa miaka 8, ilhali yeye alikuwa na miaka 14. Tulimpa dawati la nyuma karibu na mlango ili asiwasumbue wenzake. Tukaona kwamba wajibu wetu tumeutimiza.

Matatizo yalianzia kwenye kengele. Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mwembe, nacho hugongwa mara nyingi kwa siku. Makaoni alikotoka, kengele ilikuwa na maana moja tu, yaani chakula. Kwa hiyo kila ilipogongwa yeye alinyanyuka akaenda jikoni, akasimama mbele ya mpishi kwa adabu aliyofundishwa huko. Asipopewa kitu, alichukua. Haikupita wiki wanafunzi wakamwita mwizi.

La pili ni salamu. Alipita mbele ya wazee bila ya kuwaamkia. Wazee walisema mtoto huyu hana adabu. Ilituchukua muda mrefu kutambua kwamba kule alikolelewa hakuwa na wazee. Alikuwa na wasimamizi waliobadilishana zamu, na mtu wa zamu haamkiwi kama babu.

La tatu ni mipaka. Makaoni mlango ulifungwa na kufunguliwa na mtu mwingine. Yeye hakupata kujifunza kuamua aende wapi na asiende wapi. Kijijini hakuna ukuta, naye alitembea mpaka njia ilipomfikisha.

La nne lilikuwa zito kuliko yote. Dawa zilikwisha, na sisi hatukuuliza. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko kilivyokuwa. Asubuhi moja alianguka mstarini. Wanafunzi walikimbia wakipiga kelele, kwa sababu huku wengi huamini kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Nasi walimu tulisimama mbali kama wao. Kesho yake wazazi watatu walikuja kuwaondoa watoto wao darasani. Wiki hiyo hiyo mmoja wetu alimchapa kwa kutoka nje bila ya ruhusa. Tunaliandika hili kwa aibu, lakini tunaliandika.

Mwezi wa tatu alipotea. Alifuata reli, na hakuonekana usiku wa kwanza wala wa pili. Wakata mkonge walimkuta asubuhi ya siku iliyofuata, midomo imepasuka kwa kiu na miguu imechomwa na miiba. Jioni ulifanyika mkutano chini ya mwembe wa shule. Wengi walisema arudishwe alikotoka. Mzee mmoja mwenye heshima alisema kijiji hakiwezi kulea mtu asiyeijua njia. Sisi walimu, ambao tulitazamiwa kusema neno, tulinyamaza. Shangazi peke yake ndiye aliyesimama, akasema: "Huko mnakokusema siko alikotoka. Alikotoka ni hapa." Hakuna aliyemjibu. Baada ya siku chache gari lilikuja, likamchukua.

Kosa lilikuwa wapi

Tulipokaa na kulitafakari jambo hili, kila mmoja wetu alikuwa na wa kumlaumu. Wengine walimlaumu aliyemleta kwa haraka. Wengine walimlaumu kijana mwenyewe. Ukweli ni kwamba kijana alikuwa ametolewa makaoni, lakini hakuna mtu aliyekuwa amemrudisha nyumbani. Kutolewa ni kazi ya siku moja, na gari moja linatosha. Kurudishwa ni kazi ya miezi, nayo huhitaji watu wengi. Kazi ya kwanza ilifanywa. Ya pili iliachwa ijifanye yenyewe.

Baadaye tulisoma habari za nchi nyingine, tukaona kwamba kosa hilo limetendwa na wakubwa kuliko sisi. Katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, kati ya mwisho wa mwaka 2015 na katikati ya mwaka 2016, watu zaidi ya 1,700 wenye maradhi ya akili na wenye ulemavu wa akili waliondolewa katika makao ya Life Esidimeni. Uongozi wa jimbo ulisema kwamba unawapeleka karibu na jamii na kupunguza gharama. Wengi walipelekwa kwa vikundi ambavyo havikuwa na wauguzi, chakula wala dawa za kutosha. Wengine walifika bila ya kumbukumbu zao za matibabu. Waliofariki walikuwa 144. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesikiliza shauri hilo, alitoa uamuzi wake mwezi Machi 2018 na kuagiza jamaa zao walipwe fidia.

Ziko nchi zilizofanya vizuri zaidi. Nchini Norway, matengenezo yaliyoanza mwaka 1991 yaliwahamishia watu wenye ulemavu wa akili katika wilaya zao, zikapewa wajibu wa nyumba zao na huduma zao. Nchini Sweden, sheria ya mwaka 1997 iliagiza makao yote maalumu yafungwe kabla ya mwaka 1999 kwisha. Lakini nchi hizo zilitangulia kujenga nyumba ndogo na kuajiri wasaidizi kwa miaka mingi kabla ya kufunga milango ya makao. Sisi hatuna fedha za Norway. Tunacho kijiji, tunayo shule, na tunao watoto wanaotembea njia moja kila asubuhi. Swali letu likawa: kwa vitu hivi vitatu, je, yaweza kufanyika?

Haki yenyewe haina mjadala tena. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii sawa na watu wengine, na kuchagua anapoishi na anayeishi naye. Mwaka 2010 nchi yetu ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini sheria haimwitikii mtu salamu. Kazi hiyo ni ya jirani, na jirani hufundishwa.

Kuja kwake mara ya pili

Shangazi hakuchoka. Kila muhula alikuja shuleni kutuuliza, nasi kila muhula tulipungukiwa na la kumwambia. Baada ya mwaka mmoja na nusu tulikubaliana na makao, na afisa ustawi wa jamii, na muuguzi wa zahanati, na mwenyekiti wa kitongoji, kwamba kijana arudi, ila safari hii tupewe miezi mitatu ya kujiandaa. Tutaeleza tulivyofanya kwa utaratibu, ili mtakaohitaji mpate kuutumia.

Kwanza, tulimjua mtoto. Wawili wetu walikwenda makaoni wakakaa siku tatu, wakaandika yote anayoyafanya tangu kuamka hadi kulala. Tuliporejea tulikuwa na orodha mbili. Katika orodha ya anayoyaweza tuliandika: anafagia vizuri kuliko wengi wetu, anabeba maji bila ya kumwaga, anapenda ngoma, anavaa nguo mwenyewe isipokuwa vifungo. Katika orodha ya asiyoyaweza tuliandika: kuamkia, kusubiri zamu, kushika pesa, kuijua njia. Mara ya kwanza tulikuwa na orodha moja tu vichwani mwetu, yaani ya asiyoyaweza, nayo hatukuiandika.

Pili, tuliiandaa nyumba. Muuguzi alihakikisha kwamba dawa zitapatikana zahanati, na shangazi akafundishwa kwamba asizikatize hata kijana akionekana mzima. Kwa kuwa shangazi hajui kusoma, tulimchorea kwenye karatasi ngumu jua linalochomoza na jua linalozama kwa kila siku ya mwezi. Kila kijana alipomeza dawa, yeye mwenyewe aliweka alama kwa mkaa. Karatasi hiyo ikawa kitabu chake cha kwanza.

Tatu, tuliliandaa darasa. Tulifundisha somo moja kuhusu kifafa katika kila darasa: kwamba hakiambukizi, kwamba aliyeanguka huondolewa karibu na vitu vigumu na moto, hulazwa ubavu, na hatiwi kitu chochote mdomoni, kwamba mtetemeko ukizidi dakika 5 hupelekwa zahanati upesi. Watoto waliigiza kwa zamu, mmoja akianguka na wengine wakimsaidia. Kisha tulichagua watoto wanne wakaao njia moja na shangazi, tukawaita marafiki wa njia. Kazi yao ilikuwa kutembea naye wawili wawili kwa zamu. Tuliwaonya kwamba wao si walinzi wala watumishi wake. Ni wenzake.

Nne, tulikiandaa kijiji. Mkutano wa pili ulifanyika pale pale chini ya mwembe. Safari hii hatukunyamaza, wala hatukutoa hotuba ndefu. Tuliomba kila mtu jambo moja dogo. Mwenye duka tulimwomba asimpe kitu mpaka ataje jina la kitu hicho, hata kwa kunyosha kidole. Mpishi tulimwomba ampe uji katika mstari, na wala si kabla ya wengine. Wazee tuliwaomba wamwitikie hata kama salamu yake haijakamilika.

Tano, tulimfundisha yale ambayo kijiji kitamdai. Hapa ndipo mbinu ya kufundishia ina kazi. Chukueni mfano wa kutumwa dukani kununua chumvi. Kwetu ni jambo moja, lakini ukilichambua lina hatua nyingi: kuchukua kikapu, kushika pesa, kutembea hadi dukani, kumwamkia mwenye duka, kutaja chumvi, kutoa pesa, kusubiri chenji, kurudi, na kumkabidhi shangazi. Mwalimu akianza na hatua ya kwanza, mtoto huchoka kabla ya kuonja matunda. Sisi tulianzia mwisho. Wiki ya kwanza mwalimu alifanya yote, na kijana alifanya hatua moja tu, ya kumkabidhi shangazi chumvi na chenji. Shangazi alimshukuru. Wiki ya pili alifanya hatua mbili za mwisho, ya tatu akafanya tatu, hivyo hivyo kurudi nyuma. Kila siku aliimaliza kazi, na kila siku alishukuriwa. Ilichukua muhula mzima. Mwishoni mwa muhula alikwenda dukani na kurudi peke yake, huku mmoja wetu akimfuata kwa mbali, akijificha nyuma ya miembe kama mwizi.

Kuhusu kengele tulifanya jambo dogo ambalo tungalilifikiri tangu mwanzo. Kipande cha reli tulikiacha kiwe cha vipindi, na wakati wa uji tukapiga ngoma. Kijana alijua ngoma ni chakula na chuma ni kazi. Watoto wengine nao waliipenda ngoma, na hata leo shule hiyo hupiga ngoma wakati wa uji, ingawa walimu wengi wa sasa hawajui ilianzaje.

Na kuhusu salamu, neno "shikamoo" lilimshinda. Alisema "kamoo" huku ameinamisha kichwa. Asubuhi moja tulikuwa tumesimama barabarani alipopita mbele ya yule mzee aliyesema kijiji hakiwezi kumlea. Kijana alisimama, akainama, akasema neno lake. Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Marahaba, mjukuu wangu," akaendelea na safari yake. Hakusema zaidi, na hapakuwa na haja.

Yaliyobaki

Tusingependa mdhani kwamba mambo yote yalinyooka. Kijana hakujifunza kusoma. Aliwahi kupotea tena mara moja, lakini hakufika mbali, kwa kuwa njiani alikutana na watu waliomjua kwa jina wakamrudisha. Kifafa kilipungua bila ya kwisha. Umri wa shule ulipopita alianza kumbebea maji mama lishe wa karibu na stesheni na kumfagilia kibanda, naye hulipwa chakula na fedha kidogo ambayo humpa shangazi.

Hatusemi kwamba shule ya kawaida yatosha kwa kila mtoto. Wako wanaohitaji walimu wenye ujuzi maalumu, kama wale wanaofunzwa Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Ziko pia shule kama ile ya Irente Rainbow huko Lushoto, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, ambao hurudi kulala makwao. Lakini hata shule iliyo bora kuliko zote ina siku ya mwisho, na siku hiyo mwanafunzi hurudi kwa jirani zake. Jirani hao wamesoma wapi? Wamesoma kwetu, katika shule za kawaida. Mtoto wa Darasa la Pili aliyefundishwa kumlaza mwenzake ubavu ndiye mwenye duka wa kesho, ndiye muuguzi, ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tuione shule kuwa sehemu ya kijiji. Sisi tumejifunza kwamba darasa la leo ndilo kijiji cha kesho, na mtoto asiyekuwamo darasani leo hatakuwa na nafasi kijijini kesho.

Mara ya mwisho tulipomtembelea shangazi, tulimkuta ameketi barazani, macho yamefifia. Kijana alituamkia, akatuletea maji ya kunywa, akaenda zake stesheni. Shangazi alimsindikiza kwa kusikiliza hatua zake mpaka zilipotoweka. Kisha akatuuliza: "Walimu, nikifa mimi, itakuwaje?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tulipokuwa tukiaga aliingia kijana mwingine na baiskeli, akamwachia shangazi fungu la muhogo, akauliza kama mwenziwe amekwisha kumeza dawa. Alikuwa mmoja wa wale marafiki wa njia. Hatusemi kwamba yeye ndiye jibu, kwani ana maisha yake, na mzigo wa mtu mzima haubebwi na rafiki mmoja. Twasema tu kwamba tulipoingia shuleni hapo, swali la shangazi lisingalikuwa na mtu hata mmoja wa kulisikia.

Ndugu walimu wanafunzi, karibuni mtakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mtapewa orodha ya majina, nanyi mtaita mahudhurio kila asubuhi. Baada ya wiki ya kwanza, ombeni ruhusa ya mwalimu mkuu, mpite nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji. Mtakaribishwa barazani, mtaletewa viti, na mtatajiwa watoto wa nyumba hiyo. Mkishatajiwa wote, ulizeni tena kwa upole: je, yuko mwingine ambaye hamkumtaja?